Tiba ya mzizi wa jino, kama nilivyoipitia

Wanaoniuliza kuhusu tiba ya mzizi wa jino, yaani kusafisha na kuziba ndani ya jino lililooza badala ya kuling'oa, huanza na swali moja: inauma kiasi gani? Nawajibu kwamba maumivu makali niliyapata kabla ya kufika kwa daktari, si kwenye kiti chake. Kilichohitaji moyo ni kuimaliza tiba baada ya jino kuacha kuuma, na hapo ndipo watu kadhaa ninaowafahamu waliishia.

Lilikuwa gego la kwanza la chini, upande wa kushoto, lile linaloota mtoto akiwa na miaka 6 hivi. Lilianza kwa kusisimka nikinywa maji baridi. Baadaye likageuka: chai ya moto ndiyo ikawa inalichokoza, na maumivu yakawa yanabaki muda mrefu baada ya kumeza. Nikilala chali yalipanda hadi sikioni. Nikawa nalala na chupa ya maji baridi kando ya kitanda, maana funda moja mdomoni lilinituliza dakika chache. Daktari alipoyasikia hayo alisema yanamweleza mengi hata kabla ya picha. Ndani ya jino kuna nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu, kiini cha jino. Kikishambuliwa na vijidudu huvimba, na kwa kuwa kimezungukwa na ukuta mgumu pande zote, hakina pa kutanukia. Moto ukiwa unachokoza na baridi inatuliza, mara nyingi kiini hicho kimeanza kufa.

Mama yangu mdogo, mzaliwa wa Pemba, alinipa pamba yenye mafuta ya karafuu. Ilisaidia kweli. Karafuu ina yujenoli, kemikali inayotuliza maumivu, na madaktari wa meno wenyewe wameitumia kwa zaidi ya karne moja, wakiichanganya na unga wa zinki oksaidi kupata dawa ya kuzibia. Lakini hutuliza tu, haiondoi kilichooza. Wenzangu kazini walinishauri nikanunue amoksilini, aina ya antibayotiki, duka la dawa. Daktari alikataa, na sababu yake naiona ya msingi: kiini kilichokufa hakipitiwi tena na damu, kwa hiyo kidonge unachomeza hakifiki pale ugonjwa ulipo. Na pale kiini kinapouma kikiwa bado hai, antibayotiki haziondoi maumivu yake. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani wa mwaka 2019 unawashauri madaktari wasiwape watu wazima wenye afya ya kawaida antibayotiki kwa maumivu ya namna hiyo. Kwanza aliniuliza kama nina vidonda vya tumbo au shida ya figo, ndipo akaniandikia ibuprofeni pamoja na panado. Antibayotiki zina wakati wake: uvimbe unaosambaa, homa. Uvimbe ukishuka chini ya taya au ukipanda kuelekea jicho, au ukishindwa kumeza, hilo si la kusubiri miadi. Ni kwenda hospitali usiku huohuo.

Alinigonga meno moja moja kwa mpini wa kioo chake, akagusisha pamba yenye ubaridi, akapiga picha ya eksirei. Kwenye ncha ya mzizi mmoja palikuwa na kivuli cheusi, mahali ambapo mfupa umeliwa. Akauliza, "Sasa Mwalimu, tuling'oe au tulitibu?"

Nilimwomba aniandikie gharama yote kwenye karatasi: picha, kusafisha mizizi, kuziba, na kofia ya jino, yaani kifuniko kigumu kinachovalishwa juu yake. Hilo namshauri kila mtu, kwa sababu bei unayotajiwa mlangoni mara nyingi ni ya mizizi pekee. Kung'oa ni nafuu siku ile. Ila pengo la gego huwafanya majirani walielemee, la juu hushuka likitafuta mwenzake, na kuliziba pengo kwa jino la bandia kuna gharama yake. Nikamuuliza pia kama jino lenyewe lina sehemu ya kutosha juu ya ufizi ya kushikilia kofia. Jino lililopasuka hadi mzizini, au lililoliwa hadi chini ya ufizi, halifai kugharimiwa, na daktari mzuri atakwambia hivyo. La kwangu lilifaa. Tukakubaliana nilipe kwa awamu.

Siku ya tiba, sindano ya ganzi ilichomwa nyuma kabisa ya taya. Kwa dakika moja hivi moyo ulinienda mbio. Alikuwa ameshanieleza: ganzi ile huchanganywa na adrenalini ili ikae muda mrefu. Midomo na ulimi upande mmoja vikafa ganzi. Hata hivyo alipofika karibu na kiini nilihisi mchomo mkali, nikanyanyua mkono wa kushoto kama tulivyokubaliana. Akasimama papo hapo, akaongeza sindano pembeni mwa jino lenyewe. Jino lenye uvimbe mkali hukaidi ganzi ya kwanza, na mgonjwa ana haki ya kusema. Usivumilie kimya kimya. Baada ya hapo sikusikia maumivu tena, ni mtikisiko tu, kama mtu anayekuna nazi chumba cha pili.

Juu ya jino alitandika kipande chembamba cha mpira, jino langu likabaki limechomoza peke yake. Mwanzoni nilihisi nakosa pumzi, hadi nilipozoea kupumua kwa pua. Mpira ule huzuia mate yenye vijidudu kuingia ndani ya mzizi, na humkinga mgonjwa asimeze chochote. Na cha kumeza kipo, kwa sababu mifereji, ile njia nyembamba ndani ya mizizi, husafishwa kwa maji ya haipokloraiti ya sodiamu, jamii ya dawa ile ya kung'arishia nguo nyeupe. Harufu yake utaitambua. Gego la chini kwa kawaida lina mizizi 2 yenye mifereji 3, mara nyingine 4. Kila mmoja alipimwa urefu kwa kifaa chenye waya ulioning'inizwa mdomoni, kinacholia kikikaribia ncha, kisha ukapanuliwa kwa visindano vyembamba wanavyoviita faili. Mwishoni aliweka dawa ya kalisi ndani, akafunika kwa kizibo cha muda.

Usiku huo nililala bila chupa ya maji.

Sasa ndiyo sehemu ninayotaka isomwe kwa makini. Ukipata nafuu, moyo huanza kukwambia umepona. Ada za watoto zipo, foleni ipo, jino limenyamaza. Lakini kizibo cha muda kimetengenezwa kwa majuma machache tu. Kikichakaa, mate hupenya, na mizizi iliyosafishwa kwa taabu ile hujaa vijidudu upya. Safari hii jino linaweza kuoza bila kuuma, kwa sababu mshipa wa fahamu haupo tena. Nilimwomba mke wangu anikumbushe miadi, na fedha ya awamu ya pili nikampa yeye aitunze.

Kwenye miadi iliyofuata mifereji ilijazwa gutapacha, vijiti vya rangi ya waridi vinavyotokana na utomvu wa miti ya Malesia na visiwa vya jirani. Mimi ni mwalimu wa jiografia, kwa hiyo hapo nilichangamka: utomvu huohuo ndio uliofunika nyaya za telegrafu za chini ya bahari katika karne ya 19, ukiwemo waya uliofika Zanzibar mwaka 1879. Baada ya kujazwa, jino liliuma nikiling'atia kwa siku chache. Ni kawaida, na panado ilitosha. Kisicho kawaida ni maumivu yanayoongezeka kila siku, au uvimbe. Hayo yakitokea, rudi.

Kofia nilichelewa kuielewa umuhimu wake hadi daktari aliponionyesha kwenye picha jinsi kuta za jino zilivyobaki nyembamba. Magego ndiyo yanayobeba uzito wa kutafuna, na lililotobolewa katikati hupasuka kirahisi. Upasuko ukifika mzizini, hapo ni kung'oa. Meno ya mbele hayana shida hiyo sana, mengi huzibwa tu. La kwangu lilichongwa, likapimwa, na kofia ikagandishwa. Sasa natafuna mahindi ya kuchoma upande huo.

Mwaka mmoja baadaye nilirudi kwa picha. Kile kivuli cheusi kimepungua zaidi ya nusu, ila hakijaisha. Daktari anasema mfupa unaweza kuchukua hadi miaka 4 kujaa, na maadamu kivuli kinazidi kupungua hakuna cha kufanya zaidi ya kupiga mswaki na kusubiri. Ameniandikia picha nyingine mwakani.