Swali la mama mdogo

Juzi mwanangu wa mwisho kaniuliza popo wanakula nini. Nikamwambia wengine matunda, wengine wadudu. Akaridhika. Mimi ndiye sikulala vizuri.

Nilikuwa Nyarugusu, kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita, kwa mama mdogo, shule nimemaliza, kazi sina. Akaja dada mmoja wa chuo kikuu, anachunguza popo, anataka kijana wa kumshikia tochi. Tukatega wavu mwembamba juu ya dimbwi la mwaloni, pale yanapotuama maji ya kuoshea dhahabu.

Giza lilipoingia popo wakashuka kufuata wadudu. Dada akamnasua mmoja kwa glavu, akamlaza kifudifudi kiganjani. Moyo ulimdunda mpaka ngozi ya mgongo ikatikisika. Jike, tena ana mimba. Dada akashika mkasi mdogo, akakata nywele chache mgongoni, akazitia kwenye bahasha. Huku akinieleza: zebaki ya mwaloni, ile ya kunasia dhahabu, huzama topeni, bakteria wa humo huigeuza ikawa sumu kali zaidi. Wadudu wachanga hukua nayo ndani ya maji, wakiota mabawa popo anawala, usiku hata usiku, kwa miaka. Nyingine mwili huitolea kwenye nywele. Iliyobaki hushambulia ubongo na mishipa ya fahamu, na humfikia hata mtoto aliye tumboni.

Mama mdogo alikuwa nyuma yetu, karai ubavuni, mimba yake kubwa. Mchana ule alikuwa amekamua zebaki kwa kitambaa, akachoma donge lililobaki, la dhahabu na zebaki, juu ya jiko la mkaa, ndani, mlango kaufunga watu wasione dhahabu. Alisikia yote.

"Mwanangu," akamwambia dada, "na sisi nywele zetu mnakuja kuzikata lini?"

Dada akajibu kwa upole kwamba yeye ametumwa wanyama tu. Akamwachia popo.

Mtoto alizaliwa. Alichelewa kutembea, akachelewa kusema. Hakuna aliyempima, kwa hiyo siwezi kusema ni zebaki, wala siwezi kusema siyo.

Mwaka 2020 Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki, nami nilifurahi sana. Nikamnunulia mama mdogo chombo cha chuma cha kuchomea, chenye mfuniko na bomba la kuupooza mvuke urudi kuwa zebaki. Anakitumia siku mojamoja. Anasema kinachelewesha, na mnunuzi wa dhahabu hasubiri.