Mstari niliodhani ni nywila

Jamaa ninayecheza naye chesi alinitumia ujumbe: 6k1/5ppp/8/8/8/8/5PPP/4R1K1 w - - 0 1. Chini yake akaandika, "Mweupe anaua kwa hatua moja." Nikajua kakosea, kanirushia nywila yake.

Kumbe ni ubao mzima ulioandikwa kwa mstari mmoja. Mtindo huo huitwa FEN: F ni Forsyth, mwandishi wa habari Mskoti aliyeubuni karne ya 19, E ni Edwards, aliyeuongezea ili kompyuta ziusome. Herufi zimetoka kwenye majina ya Kiingereza: R ngome, B askofu, Q malkia, K mfalme, P askari. Farasi kaambulia N, maana K ilishachukuliwa na mfalme. Herufi kubwa ni kete nyeupe, ndogo ni nyeusi, na tarakimu ni idadi ya visanduku vitupu vilivyofuatana.

Nikapanga kete, nikianzia safu iliyo karibu na tumbo langu. Nikaona askari weupe watatu wamebakiza hatua moja tu wafike mwisho wa ubao na kugeuka malkia, weusi nao vilevile. Ubao gani huu! Nikamjibu kwa majivuno, "Sukuma askari yeyote."

"Acha utani kaka. Ngome iende e8."

Yangu ilikuwa imeshakaa e8.

FEN huanzia safu ya 8, juu kabisa, ikashuka mpaka ya 1, na kila safu husomwa kutoka kisanduku a, kushoto, kwenda h; e8 ni kisanduku e cha safu ya 8. Nilipopanga upya, ngome ikapanda hadi e8, na mfalme mweusi hana pa kukimbilia: kazibwa na askari wake mwenyewe.

Baada ya kete, w ni zamu ya mweupe, b ya mweusi. Kilichonisumbua zaidi ni ile KQkq inayofuata kwenye mchezo mpya. Inasema nani bado ana haki ya kuficha mfalme kwa ngome, yaani kuwasogeza wote wawili kwa hatua moja, na upande upi. Ubaoni huwezi kuliona hilo: mfalme akishasogea akarudi kwake, haki imekwisha, ingawa kete zimekaa vilevile. Haki za pande zote mbili zikiisha, huwekwa kistari.

Juzi nikamtumia fumbo langu mwenyewe. Nikangoja sifa.

"Safu ya 3 umeandika 5N1," akajibu. "Hivyo ni visanduku saba. Cha nane umekipeleka wapi?"