Bibi akaona kipande chake ni cheupe

Tangu Ijumaa nimetandaza karatasi ya manila kiwandani, yaani uani mwa nyumba, penseli za rangi pembeni, na bibi mzaa baba ameketi mkekani ananitazama. Nachora ukoo kwa nusu duara: mimi kitovuni, juu yangu wazazi, kisha babu na bibi wanne, kisha wanane, kisha 16.

Kijani nimempaka kila ambaye kromosomu yangu ya X ingeweza kupitia kwake; kromosomu ni vifungu vya vinasaba tunavyorithi kwa wazazi. Mwanamume X hupewa na mama peke yake. Kwa baba nilichukua Y, kromosomu ya kiume. Basi nusu yote ya baba ikabaki nyeupe. Hata upande wa mama si wote, maana babu mzaa mama naye X yake ilitoka kwa mamake, babake hayumo. Hesabu yapanda hivi: mmoja, wawili, watatu, watano. Kati ya wale 16 wa ukingoni, watano tu.

"Na mimi mbona mweupe?" Bibi ameweka kidole juu ya jina lake, kucha bado ina hina ya harusi ya juzi.

Nilishikwa na uchungu. Nikamwambia zimebaki kromosomu nyingine, na kwamba kama robo ya vinasaba vyangu ni vyake; robo kamili sikuthubutu kusema, kwani kila mtoto huchanganyiwa upya. Kisha nikachora nusu duara ya dada. Dada ana X mbili, ya mama na ya baba, na baba hana X ila aliyopewa na bibi. Hiyo ya baba imemfikia dada karibu yote kama ilivyokuwa. Bibi akaninyang'anya penseli, akajipaka kijani mwenyewe, akavuka mstari.

Watu wa Amu, yaani Lamu, nasaba twaihesabu kwa wanaume. Daftari la babu lina majina tisa, fulani bin fulani, mama hata mmoja hamna. Na nyumba hii tuliyomo bibi alipewa na wazazi wake alipoolewa! Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, hasa wa pwani ya Waswahili, wakiwemo waliozikwa Manda na Faza: asili ya Kiajemi iliingia hasa kwa wanaume, ya Kiafrika hasa kwa wanawake. Hao wanawake ndio wasio na mstari madaftarini mwetu, na jambo hilo laniuma.

Nikamuuliza bibi, mama wa mamako aliitwa nani? Akanyamaza, akahesabu kwa vidole, akanitajia jina, na kwamba alikuja na jahazi kutoka Siyu. Hilo nimeliandika kwa wino.