Fimbo ya Shosho

Mei 2020, nyoka aliingia kwenye ploti yetu ya Mwariki, Nakuru. Mvua ilikuwa imelijaza Ziwa Nakuru mpaka likaanza kufuata watu majumbani, na kama maji yenyewe yamevuka ua wa mbuga, nyoka angebaki ndani akimngoja nani?

Ilikuwa saa nne usiku. Kafyu ya korona ilianza saa moja jioni, kwa hiyo vyumba vyote vilikuwa na watu. Kijana wa chumba cha mwisho ndiye aliyemwona, akienda chooni. Hakupiga kelele. Alirudi ndani akaandika kwenye grupu ya WhatsApp: "Nyoka mkubwa hapo kwa bomba. Msitoke."

Simu zikalia ploti nzima. Mmoja akashauri tumwage mafuta taa. Mwingine akauliza kama ni swila. Landilodi, aliyelala zake Milimani, akatuma mikono ya maombi. Mimi niliandika "tuwe makini", kisha nikaziba mwanya wa mlango kwa blanketi.

Haukuwa woga wa nyoka pekee. Ploti ile ilikuwa na Wakikuyu, Wajaluo, Wakalenjin, Wakisii na Waluhya, na wengi wetu tulikuwa Nakuru Januari 2008, wakati wa ghasia za kikabila baada ya uchaguzi. Ukiitwa nje usiku, hufungui.

Shosho, yule bibi mzee wa chumba namba tatu, alikuwa na kabambe tu, simu ndogo ya vitufe; grupu hakuijua. Alisikia milio, akatoka na tochi na mti wa ufagio.

"Kwani kuna nini?"

Kimya. Mtoto mmoja akamjibu dirishani: "Shosho, kuna nyoka!"

"Na wanaume wako wapi?"

"Wako kwa simu."

Akacheka mpaka akakohoa. "Waambie fimbo ya mbali haiui nyoka."

Methali hiyo nimeitia kwenye insha ngapi shuleni! Sikuwahi kufikiri kwamba ina nyoka wa kweli ndani. Nikaondoa blanketi. Komeo la jirani, ambaye kwa miaka miwili tulisalimiana kwa kichwa tu, lilikuwa tayari limelia. Wakatoka wenye panga, wenye jembe, mmoja na sufuria sijui ya nini.

Nyoka alikuwa ameshaingia mtaroni akaenda zake. Hatukurudi ndani. Shosho aliwasha jiko, tukanywa chai barakoa zikining'inia shingoni, tukinong'ona kwa ajili ya polisi wa kafyu. Usiku huo ndipo nilipojua jirani yangu anaitwa nani.

Asubuhi grupu ikalia tena. Yule kijana wa chumba cha mwisho: "Shosho anauliza nani amebaki na tochi yake."