Siku Moja Maishani Mwangu: Kutoka Kitale Hadi Koitoboss na Kurudi

Kazi yangu ni kuongoza wageni wanaopanda Koitoboss, kilele cha Mlima Elgon upande wa Kenya. Saa kumi alfajiri, Kitale. Mizigo hukaguliwa kabla ya chai. Kila mgeni abebe lita tatu za maji, maana baridi ya juu huficha kiu na watu husahau kunywa. Chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi na njugu karanga vinatosha. Vyakula vizito havipiti kooni huko. Shati la pamba libaki nyumbani: likilowa jasho halikauki, na upepo ukilipata linakugandisha. Kucha za miguu zikatwe leo, si kesho.

Saa kumi na moja tunaondoka kupitia Endebess, ili saa kumi na mbili lango la Chorlim la Hifadhi ya Mlima Elgon likifunguliwa tuwe hapo. Kiingilio hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo ya serikali, wala pesa taslimu hazipokewi, kwa hiyo lipeni mkiwa bado mjini. Tunamchukua afande mwenye bunduki, kwa sababu msituni kuna nyati na ndovu. Pango la Kitum, ambamo ndovu huchimba chumvi ukutani kwa pembe zao, tunalipita bila kusimama. Asubuhi haina dakika za kugawa.

Barabara ya msituni ndiyo inayoamua siku. Mvua ikinyesha usiku, udongo unakuwa sabuni. Gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne halifiki. Tunabeba jembe, mbao mbili na kamba nene. Ikifika saa tatu na nusu bado tunasukuma gari, tunabadilisha safari tukaenda mapangoni. Mgeni hunung'unika, lakini akianza kupanda saa nne na nusu atakuwa kileleni wakati wa radi.

Saa mbili na nusu, mambo yakienda sawa, tuko mwisho wa barabara, karibu mita 3,500. Kitale ni kama mita 1,900. Mwili umeinuliwa mita 1,600 ukiwa umekaa kitini, na ndiyo maana tunapumzika dakika ishirini kabla ya hatua ya kwanza. Mwenye nafasi alale kwenye mabanda ya Kapkuro, ndani ya hifadhi, usiku wa kuamkia safari, atapanda kwa wepesi zaidi.

Mwendo wa kwanza uwe wa kukera kwa upole wake. Kipimo chetu: ukishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, punguza. Vijana wenye nguvu ndio wanaoharibikiwa, kwa kuwa misuli yao haingoji mapafu.

Saa nne njia inaingia kwenye miti mikubwa ya Dendrosenecio elgonensis. Ikague kwa karibu. Majani yaliyokufa hayadondoki. Yananing'inia na kuuzunguka mti kama koti, na koti hilo ndilo linalozuia shina lisigande usiku. Ingiza kidole kati ya majani hayo, utahisi pakavu. Tafadhali usiyang'oe kuwashia moto. Mti huo hukua polepole mno, na ukivuliwa koti hufa kwa baridi.

Saa tano vichwa vinaanza kuuma. Maumivu madogo yanayotulia mtu akinywa maji na kupumzika hayatutishi. Kutapika au kuyumba ni jambo jingine. Tunamwambia mgeni atembee hatua kumi, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akipepesuka, anashuka papo hapo akiwa na mtu wa kumshika. Dawa ya maumivu hatumpi ili aendelee kupanda: itaficha maumivu ya kichwa, ugonjwa ubaki.

Saa sita kasoro tuko kwenye upenyo chini ya jabali la Koitoboss. Njia ya kwenda chemchemi za moto za Suam inaanzia hapa, lakini hiyo ni safari ya kulala kwenye hema. Kipande cha mwisho kinataka mikono: jaribu kila jiwe kabla ya kuliegemea, na asiwepo mtu chini yako moja kwa moja. Kisha kilele, mita 4,222. Ng'ambo ya bonde kuu la volkano kinaonekana kilele cha Wagagai, mita 4,321, upande wa Uganda. Koti livaliwe kabla ya kupiga picha.

Saa saba kamili tunageuka, popote tulipo. Mawingu hupanda mchana, na mvua ya mawe juu ya mwamba wazi haina mahali pa kujificha. Kabla ya kushuka, kaza kamba za buti kifundoni ili vidole visigonge mbele. Kucha nyeusi hutokana na kamba legevu. Hatua ziwe fupi, magoti yakiwa yamepinda kidogo.

Saa tisa na nusu tuko garini, chai ya tangawizi inamiminwa. Lango hufungwa saa kumi na mbili jioni, nasi hulivuka kabla ya hapo kwa nusu saa hivi. Buti zilizolowa hujazwa magazeti na kuwekwa kivulini. Zikianikwa kando ya jiko gundi huyeyuka, na soli hubanduka safari ijayo, mara nyingi wakati wa kushuka.