Zamu Haipangwi kwa Alfabeti

Kitabu cha chama cha shangazi kilikuwa kaunta buku ya jalada jeusi, nzito, yenye madoa ya chai. Kila mwanachama alikuwa na mstari wake, na mstari huo haukuhama. Wengi wao ni wauzaji wa nguo za mitumba katika soko la Gikomba, Nairobi, wachache wana vibanda vya mboga mitaani. Kila wiki wanachanga kiasi sawa, anapewa mmoja, wiki inayofuata anapewa aliye chini yake kitabuni. Shangazi ndiye mweka hazina.

Desemba 2021 aliniita kwake, mtaa wa Umoja. Nimepewa jina la baba yake, kwa hivyo mimi kwake ni Baba, hata anaponigombeza.

"Baba, si wewe ndiye fundi wa kompyuta? Hawa wanawake wananipigia simu usiku kuuliza wamelipa hadi wapi. Niwekee kitabu kwa simu wajisomee."

Nikaenda Jumamosi na laptopu niliyokuwa nimetoka kuinunua Moi Avenue, ya mtumba nayo, imefutwa ikawa tupu kabisa. Nilikuwa nimeshaiwekea Ubuntu, mfumo endeshi wa bure, na Node.js, programu inayoendesha zana za kutengenezea tovuti, mpya kuliko zote wakati huo, toleo la 17. Waifai hakuna. Tulitumia hotspoti ya simu ya shangazi, na yeye akakaa kando yangu akiangalia salio la bando kama mtu anayeangalia sufuria ya maziwa motoni.

Mimi si mtu wa kuchora. Ukinipa ukurasa mtupu nitakuletea vitufe vya kijivu na maandishi yaliyobanana. Ndiyo maana nilichagua Vuetify, mkusanyiko wa vipande vya skrini vilivyo tayari, unaokaa juu ya Vue, zana ya kujengea kurasa za wavuti: jedwali lipo, fomu ipo, kalenda ipo, vyote vimeshapambwa kwa mtindo wa Material Design wa Google, kazi yako ni kuviita kwa majina. Hapo palikuwa na jambo la kuamua kwanza. Vue 3 ilikuwa imetoka tangu Septemba 2020, lakini Vuetify iliyokomaa ilifanya kazi na Vue 2 pekee, ile ya Vue 3 ikiwa bado ya majaribio. Pesa za watu siziweki kwenye kitu cha majaribio. Nikachagua Vue 2, nikaandika `vue create chama`, amri ya kuanzisha mradi mpya, nikabonyeza Enter.

Ikaanza kushusha. Ikashusha.

"Unashusha nini hiyo, sinema?"

"Pakiti, shangazi."

"Pakiti za nini?"

Nikamfungulia folda ya `node_modules` ajionee. Pakiti ni vipande vya programu vilivyoandikwa na watu wengine, na humo zilikuwa zaidi ya elfu moja, nyingi zimeletwa na pakiti nyingine ambazo nazo zililetwa na nyingine. Akavaa miwani, akasogeza kidole kwenye skrini akisoma majina, akasimama kwenye `is-number`.

"Hii inafanya nini?"

"Inaangalia kama kitu ulichoipa ni namba."

Akanitazama. "Na hiyo nimeilipia bando?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Amri ya `vue add vuetify`, ya kuongeza Vuetify kwenye mradi, ilipita bila shida. Huuliza swali moja tu, unataka mpangilio upi, na jibu la kwanza kwenye orodha limeandikwa kwamba ndilo linalopendekezwa. Ukilichagua hilo, mengine yote inajiamulia yenyewe. Kumbe ukichagua kupanga mwenyewe, hufuata maswali kadhaa, na mojawapo ni kama unataka fonti zikae ndani ya programu kwa ajili ya matumizi bila intaneti. Mfuateni anayependekeza kama mnakaa alipokaa yeye.

Kisha `npm run serve`, amri ya kuiwasha programu, na skrini ikajaa maandishi mekundu. Chini kabisa palikuwa na msimbo `ERR_OSSL_EVP_UNSUPPORTED`.

Shangazi akauliza kama imeharibika. Nikamwambia bado haijazaliwa. Hitilafu hiyo iliwatesa wengi miezi ile. Vue CLI tuliyokuwa nayo, ile inayotoa amri za `vue`, ilitumia webpack 4, programu ya kufungasha mafaili ya mradi, na webpack 4 hupiga alama za mafaili yake kwa hesabu ya zamani iitwayo MD4. Node 17 ilikuja na OpenSSL 3, maktaba ya hesabu za usimbaji, na huko MD4 imewekwa kando na mambo ya kale, haiguswi mpaka uombe. Dawa safi ilikuwa kurudi Node 16. Wakati huo matoleo ya namba shufwa ndiyo yaliyopewa usaidizi wa muda mrefu. Ya witiri yalipita kama mvua za Desemba. Lakini kurudi nyuma kulimaanisha kushusha tena, na aliyelipia bando alikuwa ameketi pale. Nikatumia dawa ya pili, isiyohitaji hata kilobaiti:

`export NODE_OPTIONS=--openssl-legacy-provider`

Kuna wanaokunja uso wakiona mstari huo. Mimi sioni ubaya wake katika hali kama ile. MD4 pale hailindi nywila ya mtu wala pesa ya mtu, inatambulisha mafaili tu wakati wa kujenga programu. Nikaendesha tena, ikaimba. Terminali ikatoa anwani mbili, moja ya ndani ya laptopu na nyingine inayoanza na 192.168, ya kufikiwa na kifaa chochote kilicho kwenye mtandao huohuo. Simu ya shangazi ndiyo iliyokuwa mtandao wenyewe, kwa hivyo aliweza kufungua kazi yangu bila kutumia bando hata kidogo, au ndivyo nilivyodhani. Hilo lilimfurahisha kuliko kitu chochote nilichofanya siku hiyo.

Nilinakili majina na michango kutoka kwenye kaunta buku, nikaviweka kwenye `v-data-table`, jedwali la Vuetify, nikamwambia afungue. Kwenye laptopu jedwali lilikuwa limenyooka vizuri. Shangazi akashika simu yake mbali kidogo na uso.

"Mistari yangu iko wapi?"

Nikachungulia. Kila mwanachama alikuwa amegeuzwa kisanduku: jina juu, mchango chini yake, salio chini ya mchango, halafu kisanduku kingine. Vuetify ya wakati ule ikiona skrini nyembamba kuliko pikseli 600, ilivunja jedwali na kulipanga hivyo, ikiamini kwamba inakusaidia. Huenda inamsaidia mtu anayetazama orodha ya viatu. Mweka hazina hasomi mtu mmoja mmoja. Anateremka na safu moja kutoka juu hadi chini, na pengo analiona kabla hajalitafuta. Nikaandika `mobile-breakpoint="0"`, jedwali likarudi kuwa jedwali, akawa anasukuma kulia na kushoto kwa kidole bila malalamiko.

Halafu akahesabu watu.

"Hawa ni kumi. Wengine umewafukuza?"

Jedwali hilo huonyesha watu kumi kwa ukurasa usipoliambia vinginevyo. Nikamwelekeza abonyeze mshale ulio chini aende ukurasa wa pili. Akasema hakuna mshale. Nikadhani hauoni, nikaichukua simu. Kweli, palikuwa peupe. Wakati tunabishana na jedwali, bando lilikuwa limekwisha, na aikoni za mpangilio ule unaopendekezwa hazikai kwenye mradi: huombwa kutoka seva ya mbali kila mtu mpya anapofungua ukurasa. Hakuna intaneti, hakuna mshale.

Nilikasirika kidogo. Elfu na ushee ya pakiti tumeshusha, pamoja na ile ya kuangalia kama namba ni namba, halafu mshale ndio unaachwa ng'ambo.

Shangazi akakopa bando, akinikumbusha kwamba mkopo una riba. Nikashusha `@mdi/font`, pakiti yenye aikoni hizo, nikaiingiza kwenye faili la `plugins/vuetify.js`, nikafuta viungo vya nje kwenye `index.html`. Tukazima data ya simu kusudi, tukafungua upya, aikoni zikaja. Kuhusu kurasa tulikubaliana haraka: kitabu chake hakina ukurasa wa pili wa majina, kwa hivyo `:items-per-page="-1"` na watu wote wakae pamoja.

Nilikuwa naanza kufunga vitu vyangu aliposhtuka.

"Baba! Umefanya nini na zamu?"

Alikuwa amegusa neno "Jina" juu ya safu, pengine akitaka kulisogeza, na jedwali likajipanga kwa alfabeti. Mwanamke aliyekuwa apokee Jumapili hiyo alikuwa karibu na mwisho, na wa juu kabisa sasa alikuwa mtu aliyeingia chamani juzi na kwa kweli ndiye wa mwisho kupokea. Nikamwambia ni mwonekano tu, hakuna kilichobadilika ndani, akigusa tena na tena hurudi. Akaniuliza kama nitakuwepo kumweleza hivyo kila mmoja wao, mmoja akiwa amefungua simu yake akajiona wa kwanza, mwenzake akajiona wa kumi na nne.

Alikuwa na haki. Kupanga safu kwa kugusa ni jambo jema kwa ofisi yenye wateja elfu. Kwenye chama, mpangilio wa majina ndiyo ahadi yenyewe. Nikaongeza `disable-sort`, na kushoto kabisa nikaweka safu ya namba ya zamu, isomeke hata mtu akipiga picha ya skrini na kuisambaza.

Akagusa "Jina" kwa nguvu. Halikusogea. Akagusa "Salio". Halikusogea. Akampigia mwenyekiti simu aje aone, na kabla hajafika akataka kujua faini za wachelewaji nitaziweka upande gani.