Bunduki ya hewa ya springi: usiifungue vipande kabla ya risasi 500

Kwa shabaha za karatasi, chagua kipenyo cha milimita 4.5: risasi yake husafiri kwa mkunjo mdogo kuliko ya 5.5. Usibabaishwe na kasi iliyoandikwa kwenye boksi. Mara nyingi hupimwa kwa risasi nyepesi mno. Bunduki yenye nguvu ya wastani hurusha teke dogo na ni rahisi kulenga nayo.

Ikiwa mpya, moshi na mlio mkali ni mafuta ya kiwandani yanayowaka mbele ya pistoni, kile kipande kinachosukumwa na springi ili kubana hewa. Hupungua yenyewe. Piga risasi kama 500, ukikaza skrubu za kitako mara kwa mara. Zikilegea, risasi hutawanyika kwenye shabaha na watu huilaumu springi bure. Kisha weka kipande cha tishu juu ya kiungo cha mtutu, pale unapokunjika, ufyatue. Kikiruka, badilisha mpira wa kiungo.

Ikibaki na mtetemo mrefu, springi inacheza kwenye kiongozi chake, yaani fimbo inayoishikilia kwa ndani. Hapo ndipo kuifungua bunduki kuna maana, tena kwa kibanio cha springi, maana springi imebanwa hata bunduki ikiwa haijakokiwa. Ukiifungua, paka grisi ya molibdeni, kidogo tu. Na kamwe usifyatue bila risasi: pistoni hugonga mwisho wa silinda bila mto wa hewa.